Kusomea tiba ya sumaku ya ubongo: mwongozo kwa matabibu na wauguzi wa Mashewa

Mwongozo huu ni kwa tabibu au muuguzi wa Mashewa na vijiji jirani anayejiandaa kusomea tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku, na kwa mwenzake atakayebaki kituoni kuandika rufaa. Wilaya yetu ya Korogwe si ngeni kwa tiba ya akili. Hospitali ya Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara, imewahudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, na kilimo na kazi za mikono ni sehemu ya matibabu yake. Mashine isichukue nafasi ya uangalizi wa namna hiyo.

Kifaa cha tiba hii kilionyeshwa na Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Koili inayoshikiliwa juu ya kichwa hupitishiwa umeme kwa mapigo mafupi, na nguvu ya sumaku hupenya fuvu na kuamsha seli za ubongo bila upasuaji wala nusukaputi. Marekani iliidhinisha kutumika kwake mwaka 2008 kwa sonona isiyopata nafuu kwa dawa. Mgonjwa anayekataa kula au aliyekusudia kujiua hapaswi kusubiri tiba hii. Apelekwe kwa daktari bingwa siku hiyohiyo.

Hatari kubwa ni degedege. Hutokea kwa nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000, lakini hao ni wagonjwa waliokwisha kuchujwa. Kwetu uchujaji unataka umakini zaidi, maana malaria kali ya utotoni, minyoo ya tegu wa nguruwe na usubi, ambao umekuwapo mkoani Tanga, vyote vinahusishwa na kifafa. Nazo koo nyingi hukificha. Kwa hiyo usimuulize mgonjwa, “Una kifafa?” Atakujibu hana. Muulize, ndugu yake akiwapo na mgonjwa akiridhia: “Umewahi kuanguka ghafla ukapoteza fahamu? Ukajing’ata ulimi? Ukaamka umejikojolea?” Kisha uliza dawa anazomeza, kwani amitriptilini iliyozoeleka vituoni hurahisisha degedege, uliza pombe, hasa kama ameiacha juzi tu, uliza alilalaje jana. Aliyepata ajali ya bodaboda achunguzwe kama ana chuma kichwani. Chuma kinachovutwa na sumaku karibu na koili, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, humwondoa mgonjwa kwenye tiba hii.

Mafunzo yenyewe yasiishie kwenye slaidi. Dai kushika koili mbele ya msimamizi hadi uweze kutafuta kizingiti cha msuli: unasogeza koili taratibu upande wa kushoto wa kichwa huku ukitazama kidole gumba cha mkono wa kulia, na kizingiti ni nguvu ndogo kabisa inayokirusha angalau mara 5 katika mapigo 10. Hapo ndipo kipimo cha tiba hukadiriwa, kwa kawaida asilimia 120 ya kizingiti. Mgonjwa na mwendeshaji wote wavae vizibo vya masikio.

Kabla ya kuandika rufaa, pigeni hesabu pamoja na familia. Tiba ya kawaida ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Upo utaratibu mpya wa dakika 3 badala ya takriban 37, lakini haupunguzi siku za kufika. Mkulima wa Mashewa atalala wapi mjini muda wote huo, na shamba atamwachia nani wakati wa masika? Kama hakuna jibu, endelea na dawa, ushauri nasaha na kumtembelea nyumbani. Rufaa inayokatishwa njiani humvunja moyo mgonjwa na ndugu zake.

Chumba cha tiba kisicho na diazepamu, oksijeni na mtu aliyefundishwa kumlaza kwa ubavu mgonjwa wa degedege kisiwashe mashine.