Kabla ya Ndoo, Tafuta Mnunuzi

Buguruni, Dar es Salaam, ghorofa zinaongezeka, na taka za familia ishirini zinaishia kurundikana kwenye geti moja. Gari la taka likichelewa siku mbili, inzi wanapanda hadi ngazini. Mvua ikinyesha, chupa zinasombwa mitaroni kuelekea Mto Msimbazi, na mafuriko ya bonde lile tunayajua. Kurejeleza taka kwenye jengo la wapangaji kunawezekana bila mtaji mkubwa, mkifuata mpangilio huu.

1. Anza na mnunuzi. Wengi huanza kwa kununua ndoo za rangi mbalimbali. Baada ya wiki mbili zimejaa, hakuna wa kuzichukua, na mlinzi anazimwaga zote pamoja. Nenda kwanza kwenye mzani wa makopo na skrepa ulio karibu, au zungumza na muokota makopo anayepita kila asubuhi. Muulize ananunua nini, kilo shilingi ngapi, anataka mzigo uweje, na anakuja siku gani. Asichokihitaji, msijisumbue kukikusanya.

2. Tenganisheni mbichi na kavu, basi. Mkidai makundi sita kila nyumba, watu watachoka. Jikoni iwepo ndoo yenye mfuniko ya maganda na mabaki ya chakula. Nyuma ya mlango kining'inie kiroba cha vitu vikavu: chupa, maboksi, makopo ya bati. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo viroba vya mchele na unga vilivyokwisha vinatosha kabisa. Maganda mtafutieni mfugaji wa mbuzi au kuku. Pampasi zifungwe vizuri zisubiri gari. Boksi likishamwagikiwa mchuzi wa maharage, halina mnunuzi tena.

3. Mwaga, kanyaga, funga. Siku ya kwanza kuuza kwenye jengo letu, mnunuzi alichomoa chupa moja kirobani, akaigeuza, maji yakamchuruzika mkononi. Akaturudishia kiroba kizima: hanunui maji kwa bei ya plastiki. Tangu siku hiyo watoto ndio walimu wetu. Wanafungua kifuniko, wanamwaga, wanaikanyaga chupa hadi ilale, kisha wanafunga. Chupa tupu ya maji ya nusu lita kwa kawaida haifiki gramu 20, kwa hiyo kilo moja inataka zaidi ya chupa 50. Zisipokanyagwa, stoo inajaa hewa.

4. Chagueni kona inayofaa. Iwe na paa, mbali na mita za umeme, na isizibe ngazi wala mlango wa kutokea, kwa sababu maboksi na plastiki hushika moto upesi. Wekeni viroba vitatu vikubwa: chupa, boksi, chuma. Vioo vilivyovunjika vikae kwenye kopo gumu la rangi, visije vikamkata mtu mkono.

5. Awepo mtu, liwepo daftari. Kila floo itoe mwangalizi mmoja. Anayechambua chini, awe mlinzi au dada wa usafi, apewe glavu na alipwe kutokana na mauzo, maana hiyo ni kazi ya ziada. Kilo na fedha ziandikwe siku ileile, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi. Shaka ya fedha huua mpango upesi kuliko harufu. Mpangaji mpya aelekezwe siku anayoshusha vyombo. Mjulisheni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ada ya taka iendelee kulipwa.

Miezi ya mwanzo fedha zitakuwa kidogo, pengine za kununulia taa ya ngazini tu. Msikate tamaa. Kipimo chenu kiwe geti: siku gari litakapochelewa tena, tazameni kama mnapita bila kuziba pua.