Radi Ikikukuta Majini: Mambo ya Kujua Karagwe na Kyerwa

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mshike. Naanza na hilo kwa sababu woga wa kumgusa majeruhi huua mtu ambaye radi ilimwacha hai. Watu hukumbuka aliyenaswa na waya wa TANESCO, ambaye kweli hashikwi mpaka umeme ukatwe, wakadhani na hii ni hivyo hivyo. Radi hupita kwa kufumba na kufumbua, kisha haipo tena.

Maji huku hayakosekani: maziwa ya Burigi na Rwakajunju, na Mto Kagera unaoitenga Kyerwa na Rwanda na Uganda. Vyombo vingi ni mitumbwi isiyo na mlingoti, kwa hiyo wapo wanaodhani radi ni tabu ya wenye matanga wa Ziwa Viktoria. Sivyo. Radi huelekea kupiga kilichoinuka, na juu ya maji matupu kilichoinuka ni kichwa cha mpiga kasia.

Saa za hatari nazo hutofautiana. Nchi kavu ngurumo nyingi huja alasiri, jua likishapasha vilima. Ndani ya Ziwa Viktoria ni usiku: pepo zinazotoka nchi kavu hukutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba huchacha kuelekea alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako na taa zao. Kijana wa Nkwenda au Kayanga anayetafuta riziki kwenye mialo ya Bukoba na Muleba ajue kwamba ngurumo kali za mchana kandokando ya ziwa mara nyingi hutangulia usiku mbaya majini. Asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kusukuma chombo.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Hizo ndizo kilomita. Sekunde 30 au pungufu, uwe umeshatoka majini. Usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, hata jua likiwaka. Ukifika ufukweni usikimbilie chini ya mti wala kibanda cha nyasi. Tafuta nyumba imara au gari lililofungwa vioo. Ndani ya nyumba napo kaa mbali na kuta, madirisha na nyaya: tarehe 27 Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe, hapo jirani mkoani Geita.

Ikikukuta katikati ya maji, kaa chini sakafuni, jikunyate, usitie mkono majini, usiguse chuma. Tanga lishushwe mapema. Mawingu yakishakuwa juu yenu, acheni kabisa kuukumbatia mlingoti. Kaeni mbali nao kadiri chombo kinavyoruhusu, maana radi huuacha ubao ikarukia mwili wa mtu.

Dawa ya mlingoti ilijulikana zamani. Mwingereza William Snow Harris alibuni utepe wa shaba unaoshuka toka kileleni hadi majini, na meli ya HMS Beagle ilifungwa mfumo huo mwaka 1831. Mwenye mashua anaweza kuiga kwa waya mnene wa shaba usiokunjwakunjwa, ulioungwa na bamba la shaba lililozama chini ya chombo. Bamba liwe kubwa: maji baridi hupitisha umeme vibaya kuliko ya chumvi.

Sasa majeruhi. Wakiwa kadhaa, anza na aliyelala kama maiti. Anayelia na kugumia anapumua, atasubiri. Moyo uliosimamishwa na radi mara nyingi huanza wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na moyo husimama tena kwa kukosa hewa. Mpulizie mdomoni mkiwa bado majini. Mkifika pakavu mlaze chali, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mikandamizo 30, pumzi 2. Mwenzako atafute usafiri kwenda hospitali ya Nyakahanga, ya Isingiro au kituo cha afya kilicho karibu. Usimfukie kwenye udongo wala kusubiri mganga aseme nani ametuma radi. Dakika hizo ndizo uhai wake.

Wengi hupona. Michoro myekundu kama matawi ya mti kwenye ngozi huisha baada ya saa chache au siku, na miguu iliyokufa ganzi mara nyingi hurudi siku hiyo hiyo. Lakini ndugu wafahamu kwamba usahaulifu, kukosa usingizi, hasira za ghafla na masikio kuvuma huweza kudumu miezi, hata miaka. Hajarogwa wala hajawa mvivu. Apelekwe hospitali, akieleza kwamba alipigwa na radi.

Chombo nacho kisirudishwe majini kesho yake. Radi ikitafuta njia ya kutoka hutoboa ubao karibu na usawa wa maji, na tundu laweza kuwa dogo kama la msumari. Kivuteni pakavu, kagueni maungio, kalafati na misumari iliyoungua, mgonge mlingoti mkisikiliza ufa. Kisha mimineni maji ndani, mwangalie nje panapovuja.