SOMO: Kuandaa podikasti juu ya imani na afya ya akili



Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni wameuawa vijijini na mashambani. Wengine wamekimbilia Oicha, Beni mjini na Butembo. Kabla machozi hayajakauka ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2 200. Familia nyingi hazikuweza kuosha mwili wa marehemu wao. Hata nyumba za sala hazikupona: Jumapili tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katika kanisa moja la Kasindi wakati wa ibada.

Mambo hayo huacha vidonda visivyoonekana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilikadiria kwamba, katika maeneo ya vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Lakini wengi hunyamaza. Wanaogopa kuitwa vichaa, waliorogwa, au watu wasio na imani.

Podikasti inaweza kuvunja ukimya huo. Ni kipindi cha sauti kinachorekodiwa, hata kwa simu, na msikilizaji hukisikiliza saa anayotaka. Lakini kipindi hicho hicho kinaweza kuumiza. Katika somo hili tutaona namna ya kukiandaa bila kumtia mtu hatarini.

1. Tukubaliane kwanza juu ya ujumbe

Kusanyeni kikundi kidogo: mchungaji au padri, kiongozi wa Kiislamu, muuguzi, na mama na kijana kutoka familia zilizohama. Kabla ya kurekodi, wote wakubaliane juu ya neno moja: sala na dawa hazigombani.

Tuchukue mfano. Mgonjwa wa kifafa anasema katika kipindi: “Niliombewa, nikatupa vidonge vyangu.” Anasema kwa furaha, na wasikilizaji wanashangilia. Lakini mgonjwa mwingine akimfuata na kuacha dawa ghafla, anaweza kupatwa na kifafa kisichokatika, hata kufa. Kwa hiyo muuguzi asikilize kila kipindi kabla hakijatoka. Kiongozi wa dini naye aseme waziwazi: “Ninakuombea, na dawa zako endelea kuzimeza.” Neno hilo likitoka kinywani mwake lina uzito kuliko likitoka kwa muuguzi peke yake.

2. Tumlinde anayetoa ushuhuda

• Tusimlazimishe mtu kusimulia aliyoyaona. Kumchokonoa aliyetoka tu kukimbia kunaweza kuongeza maumivu yake.
• Tumweleze kwamba sauti ikishatoka haiwezi kurudishwa. Tumwache alale na jambo hilo, kisha tumuulize tena kesho. Akikataa, tumshukuru.
• Tusitaje jina lake, kijiji chake, kambi yake, wala njia aliyopita. Sauti yenyewe inajulikana. Ni afadhali mtu mwingine amsomee ushuhuda wake.
• Tusimrekodi mtoto kuhusu mauaji au ubakaji.
• Tusitaje kabila wala jirani kuwa ndiye mkosaji. Kipindi cha kuponya kisiwe mwanzo wa kisasi.

Ikiwa ushuhuda ni mzuri sana lakini unamweka mtu hatarini, tuuache. Mtu ni wa thamani kuliko kipindi.

3. Tumpe msikilizaji njia ya msaada

Msikilizaji akiguswa, anabaki na swali: “Sasa niende wapi?” Kabla ya kuanza, tembeleeni kituo cha afya kilicho karibu. Ulizeni nani anapokea wenye matatizo ya akili, siku gani, na kwa malipo gani. Mwishoni mwa kila kipindi semeni mambo hayo wazi.

Semeni pia dalili zinazohitaji msaada: kukosa usingizi majuma mengi, kujitenga, ulevi uliozidi, kusikia sauti zisizokuwepo. Mtu akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Asindikizwe kituoni siku ile ile. Aliyebakwa afike kabla ya saa 72 kupita, na hata zikipita, aende.

4. Tukifikishe kwa wasio na intaneti

Wengi kambini hawana simu kubwa wala pesa ya megabaiti. Fanyeni kipindi kifupi, cha dakika 10 hivi, kwa Kinande au Kiswahili. Kinaweza kupitishwa kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu hadi simu, au kuombewa nafasi kwenye redio ya mahali. Afadhali zaidi, watu 8 au 10 wakisikilize pamoja, kisha wazungumze pamoja na mtu waliyemzoea. Wakati wa Ebola tuliona jinsi uvumi ulivyokimbia kuliko habari za kweli, na vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa mwaka 2019. Mazungumzo hayo hutoa nafasi ya kusahihisha lisiloeleweka.

Tukumbuke kwamba kipindi kizuri si kile kinacholiza watu wengi. Ni kile ambacho baada yake mama mmoja asiyelala anamwambia jirani: “Nisindikize kesho kituoni,” na jirani anakubali.

Maswali ya mazungumzo

1. Hapa kwetu, watu wanamwitaje mwenye ugonjwa wa akili? Maneno hayo yanamsaidia au yanamfukuza?
2. Katika ibada zetu, tumewahi kusikia mtu akishauriwa kuacha dawa? Tungefanya nini?
3. Tukirekodi ushuhuda leo, ni nani anaweza kuutambua? Ni hatari gani inaweza kutokea?
4. Ni nani kati yetu atakwenda kituo cha afya juma hili kuuliza?