Kamera, ubao na kijana wako

Je, mwanao hushinda nje na ubao wa magurudumu, yaani skeitibodi, huku mwenzake akimfuata na kamera? Usikimbilie kumwita mtundu. Huenda hiyo ndiyo njia aliyoipata ya kutoa yaliyo moyoni.

Mchezo huu ulianza California, Marekani, katika miaka ya 1950. Humu Nairobi, kiwanja chake kilijengwa mwaka 2013 katika kituo cha watoto cha Shangilia. Popote unapochezwa, kamera haiko mbali. Kijana huruka na kuanguka mara nyingi kabla ya kufaulu mara moja, na kamera huhifadhi ile mara moja. Mpiga picha naye hungoja mwanga, huchagua mahali pa kusimama, kisha huketi kukata na kuunganisha picha. Kazi hiyo hufunza subira, na humpa nafasi kundini hata asiye hodari wa kuteleza.

Mtazame Bing Liu, aliyekulia mji wa Rockford, Marekani. Akiwa kijana alianza kuwapiga video rafiki zake wakiteleza. Baadaye aliiinua kamera kutoka miguuni mwao, akaanza kuwauliza habari za nyumbani. Ikabainika kuwa yeye na wenzake wawili walikuwa wamepigwa na watu wazima waliopaswa kuwalea. Katika filamu yake, Minding the Gap, iliyotoka mwaka 2018, Liu anaketi na mamake kuzungumza juu ya kipigo cha baba wa kambo. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo la Oscar. Lakini funzo kwa mzazi si tuzo. Ni kwamba kijana anaweza kunyamaza mezani miaka mingi, kisha akasema kupitia kamera.

Ufanye nini basi?

Kwanza, mwombe akuonyeshe video zake. Muulize alivyozitengeneza kabla ya kutaja makosa. Ukiona au kusikia humo jambo la uchungu, usimkaripie. Msikilize, na ikibidi mtafutie mshauri.

Pili, linda mwili wake. Anayeanguka hutanguliza mkono, na mara nyingi mfupa wa kifundo ndio huvunjika. Avae helmeti na vikinga vya mikono na magoti. Akichoka aache, asirudie mruko kwa ajili ya picha tu. Wasipigie video barabarani, maana aliyekodolea macho kamera haoni gari likija.

Tatu, akigonga kichwa kisha atapike, achanganyikiwe au asinzie kupita kawaida, mpeleke hospitalini mara moja.

Kumnyang'anya kamera ni rahisi, lakini huenda ukawa umemziba mdomo. Afadhali uketi kando yake mtazame pamoja.