Habari za Mjini katika Darasa la Kijijini

Mwanachuo akitakiwa kutaja zana za kufundishia, mara moja hutaja ubao, chati, kadi za maneno, mbegu za maharage na vizibo vya chupa. Ni nadra sana kuitaja redio. Lakini redio ndiyo zana inayowafikia watoto wetu kabla hatujawafikia sisi, kwani huisikiliza nyumbani, dukani na kilabuni wanapotumwa na wazazi. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna redio, hasa ile inayotangaza habari na utamaduni wa mji mkubwa, inavyoweza kutumiwa kufundisha Kiswahili katika shule za msingi za nyanda za juu za Kigoma, yaani hapa Kabanga, Kasulu, Kibondo na jirani zake. Tutaeleza pia hatari yake, maana hatari hiyo tumekutana nayo wenyewe darasani.

Ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika Darasa la Tano la shule moja isiyo mbali na chuo. Mwanachuo aliwapa wanafunzi kazi ya kusikiliza taarifa ya habari ya jioni na kuandika habari tatu walizozisikia. Kesho yake madaftari yalikuwa yamejaa vizuri. Waliandika juu ya foleni ya magari, juu ya maji yaliyokatika katika mitaa fulani ya Dar es Salaam, na bila shaka juu ya Simba na Yanga. Miandiko ilikuwa safi, na sentensi nyingi zilikuwa sahihi. Ndipo mwanachuo akawaambia waandike habari tatu za kijijini kwao. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini, na kalamu zikawa zimelala. Mwishowe mvulana mmoja akasimama akasema kwa adabu, "Mwalimu, hapa kwetu hakuna habari." Hakucheka mtu. Darasa zima lilimkubalia.

Wiki hiyo hiyo mvua ilikuwa imelibomoa kalavati la njia iendayo ng'ambo ya pili ya kijito, na wanafunzi wa upande ule hawakuwa wamefika shuleni kwa siku tatu. Bei ya debe la maharage ilikuwa imeshuka ghafula sokoni, na kila nyumba ilikuwa ikilizungumza jambo hilo. Hata hivyo, watoto hawakuona kwamba mambo hayo ni habari. Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tukikagua hatukuona pia. Tuliandika katika karatasi ya ukaguzi kwamba somo lilikwenda vizuri ila muda haukutosha. Tulipokuwa njiani kurudi, ilitubidi tuvuke kile kijito kwa kukanyaga mawe, na hapo ndipo tulipolikumbuka neno la yule mvulana. Kwa hiyo kosa lile lilikuwa letu kuliko la mwanachuo.

Ili tuelewe kwa nini mtoto wa Kabanga aamini kwamba habari hutokea Dar es Salaam tu, yafaa tutazame redio yetu ilikotoka. Utangazaji wa Tanganyika ulianza Julai 1951, kwa kituo kidogo cha majaribio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina hilo lilieleza ukweli wa mambo, kwani mitambo yake ilikuwa hafifu na waliokisikia walikuwa wakazi wa mji ule na viunga vyake. Ilikuwa redio ya mji, ikizungumza na watu wa mji juu ya mambo yao. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 kikaingia moja kwa moja chini ya serikali na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nguvu ya mitambo iliongezeka hata sauti ikavuka Tabora na kufika huku kwetu, zaidi ya kilometa 1,200 kwa njia ya reli hadi Kigoma, lakini jina la mji halikuondoka. Kwa Tanzania Bara, redio hiyo ilibaki peke yake kwa miaka mingi, mpaka sheria ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa redio nyingine. Katika miaka ya 2000 ikageuzwa kuwa taasisi, kisha shirika, na leo tunaifahamu kama TBC Taifa.

Tusidhani kwamba kule kukaa mjini kulikuwa hasara tupu. Yaliyotoka mjini yalitujenga. Kabla ya taarifa ya habari zilisikika ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii kipofu aliyekuwa akipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Mtu wa Kasulu na mtu wa Lindi walinyamaza pamoja waliposikia ngoma hizo. Studio za redio ndizo zilizokuwa mahali pakuu pa kurekodia muziki wa dansi nchini. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, zilijulikana vijijini na watu ambao hawakupata kuingia katika kumbi zao hata siku moja. Ushabiki wa Msondo na Sikinde ulikuwa ushabiki wa mjini, lakini ulibishaniwa mpaka kwenye mashamba ya mihogo.

Mpira ni mfano ulio wazi zaidi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka uliofuata, na zote mbili ni vilabu vya Kariakoo. Mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka nyumba ya klabu moja hadi ya nyingine. Ni utani wa mitaa miwili jirani. Waulizeni wanafunzi wenu ni wangapi wanashabikia timu hizo, kisha waulizeni ni wangapi wamefika Kariakoo. Hesabu itakayopatikana ndiyo kipimo cha nguvu ya redio. Mwanzoni mwa Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, alikuwa akizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Waliokuwa ukumbini walikuwa wazee wa mji mmoja, lakini kwa njia ya redio hotuba ile ilikuwa ya nchi nzima.

Kuna na matangazo ya vifo, ambayo wengi wetu tumeyasahau kwa sababu ya simu. Zamani mtu wa uplandi huu aliyekuwa na ndugu mjini aliyasikiliza kila siku kwa moyo mzito, maana barua ingefika baada ya matanga kwisha.

Basi tatizo si kwamba redio inatangaza mambo ya mji. Tatizo ni kwamba mtoto haelezwi habari hutengenezwaje. Habari haijitokezi yenyewe ikaingia hewani. Lazima awepo mwandishi aliyefika mahali, akauliza, akaandika na kuifikisha studioni kwa wakati. Mahali penye waandishi wengi, ofisi nyingi na barabara nzuri hutoa habari nyingi. Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam na barabara ya Morogoro kufungwa pale Jangwani, mwandishi hufika huko upesi na jioni nchi nzima inajua. Kalavati letu likibomoka, hakuna mwandishi. Ukimya wa redio hauonyeshi kwamba halikubomoka wala kwamba halina maana. Mwanafunzi wa Darasa la Tano aweza kulielewa jambo hili kabisa, na kwa maoni yetu lina thamani kuliko orodha ndefu ya maneno mapya.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Mwalimu asiingie darasani na redio akitumaini kwamba kipindi kitakuwa kizuri. Taarifa ya habari haina kurasa za kurudia, na mawimbi hupotea hasa kukiwa na radi. Kwa hiyo mwalimu airekodi mapema kwa simu ya mkononi, aisikilize mara mbili au tatu nyumbani, na achague habari moja isiyozidi dakika tatu. Tumewaona wanachuo wakicheza taarifa nzima. Baada ya dakika saba darasa huwa limelala. Kama simu haina sauti ya kutosha, mwalimu aiandike habari ile na kuisoma mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji. Jambo hili halina aibu, na wanafunzi hulifurahia.

Asikilizishe mara ya kwanza bila kueleza neno lolote. Mara ya pili wanafunzi wataje maneno ambayo hawakuyafahamu, kama vile "mwendokasi" au "bomoabomoa". Watoto wanaozungumza Kiha nyumbani wasizuiwe kujadiliana maana kwa Kiha kwa dakika chache, mradi jibu lirudi kwa Kiswahili. Kisha yafuate maswali yaliyozoeleka: ni nani, ni nini, wapi, lini, kwa nini. Tunashauri liongezwe swali la sita: habari hii inamfaa nani? Habari ya barabara kufungwa Jangwani inamfaa mtu wa Magomeni anayekwenda kazini Kariakoo. Aliyeko Kabanga inamfaa kidogo tu, labda kama ana kaka anayeuza mitumba kule. Swali hili ndilo linaloufungua mlango, kwani baada yake mwalimu aweza kuuliza: je, ni habari gani ingemfaa mama anayetaka kupeleka maharage sokoni kesho?

Mahali redio ya karibu inaposikika, walinganishe. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, husikika katika sehemu za wilaya zetu na hutaja majina ya mahali ambayo mtoto anayafahamu. Wasikilize taarifa mbili za siku moja, moja ya Dar es Salaam na moja ya Ngara, na wahesabu majina ya mahali yaliyotajwa katika kila moja. Ni hesabu nyepesi, lakini majibu huwashangaza.

Hapa yafaa tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi nchini kote kusikiliza vipindi vya redio juu ya malaria, kuhara na magonjwa mengine. Lakini hawakusikiliza tu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu cha kusoma. Baada ya kipindi walijadiliana hali ya kijiji chao, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Redio ilileta neno moja kwa wote, nacho kila kikundi kililifanyia kazi pale kilipo. Darasa lenye wanafunzi hamsini laweza kugawanywa katika vikundi vile vile.

Tulirudi katika lile Darasa la Tano baada ya wiki moja, tukalirudia somo kwa njia hii. Safari hii vikundi vilitakiwa kutengeneza taarifa ya habari ya kijiji, isomwe Jumatatu kwenye mstarini. Yule mvulana aliandika juu ya kalavati. Aliandika kwamba wanafunzi saba hawakufika shuleni. Msichana mmoja akabisha kwamba ni kumi na mmoja. Badala ya kuamua sisi, tuliwaomba walifungue daftari la mahudhurio, wakahesabu na kukuta tisa. Mabishano hayo yalichukua robo ya kipindi, nasi hatuujutii muda huo.

Kikundi kingine kilileta jambo gumu zaidi. Waliandika kwamba wazazi walikwisha kuchanga fedha za kalavati na kwamba hazijulikani zilipo. Mwanachuo alitaka kuifuta habari ile, na hofu yake tuliielewa, kwani mwalimu mgeni kijijini hujenga urafiki polepole. Lakini kuifuta kungewafundisha watoto kwamba habari za kweli ni zile za mbali tu. Kuisoma jinsi ilivyo nako kungekuwa kumshitaki mtu bila kumsikiliza. Tuliwaambia kwamba mtangazaji mwema humwendea anayetajwa, akamwuliza. Wanafunzi wawili, wakifuatana na mwalimu wa darasa, walikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, wakamwamkia na kumweleza. Aliwapokea vizuri, akasema fedha ziko kwa mweka hazina na magogo yangewekwa Jumamosi. Jibu lake liliandikwa lote.

Jumatatu habari ilisomwa pamoja na jibu hilo, na mwisho wake mwanafunzi akaongeza kwamba Jumamosi ilikwisha kupita na magogo hayajaonekana. Mwalimu mkuu alitutazama, nasi tukatazama chini. Jumatatu iliyofuata taarifa ilikuwa fupi, maneno kumi na moja kwa jumla, ikasomwa na yule mvulana kwa sauti ya mtangazaji: "Kalavati limewekwa magogo mapya. Wenzetu wa ng'ambo wamefika shuleni wote tisa."