Oda zimepotea kwenye Notepad++? Usianze kuandika upya

Wauzaji wenzangu wa Lushoto, Soni, Mlalo na nyote mnaoshusha mzigo mpaka Mombo upande basi la Dar, leo ni zamu ya mnaoandika oda kwenye kompyuta.

Wengi tunapenda Notepad++ kwa sababu ni ya bure, ni nyepesi, na orodha yake unainakili moja kwa moja kwenda WhatsApp. Unaandika asubuhi: mama wa Tanga, viazi gunia mbili, kalipa nusu. Kaka wa Dar, plamu ndoo tano, kalipa yote. Umeme unakatika, betri ilishachoka zamani. Ukiwasha tena, ukurasa mweupe! Meseji za malipo zitakuambia nani katuma shilingi ngapi, ila hazitakuambia alitaka karoti au kabichi, wala mzigo apokee nani. Na mteja aliyelipa hapendi kuulizwa mara mbili.

Kabla hujagusa kitu, elewa programu inavyofanya kazi. Notepad++ haikuulizi kama uhifadhi unapoifunga yote. Kila baada ya sekunde 7 (ndivyo inavyokuja ikiwa haijabadilishwa) inachukua nakala ya ulichoandika na kuificha kwenye folda yake. Ukifungua tena, inasoma kumbukumbu ya kikao kilichopita na kurudisha vichupo vyote juu, hata vile vya "new 1" na "new 2" ambavyo hukuvipa jina. Ndiyo maana watu wanazoea. Unamkuta mtu ana "new 14" na oda za tangu msimu wa peasi uliopita, hakuna hata moja iliyohifadhiwa.

Sasa vichupo visiporudi, mara nyingi kilichoharibika ni ile kumbukumbu tu, nakala bado zipo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %AppData%\Notepad++\backup halafu bonyeza Enter. Utaona mafaili yenye majina kama "new 1@" yakifuatiwa na tarehe na saa. Yanakili yote kwanza uyaweke kwenye folda nyingine. Kisha fungua hizo nakala moja moja ndani ya Notepad++. Tarehe iliyo kwenye jina ni ya siku faili lilipoanza, kwa hiyo usilidharau lenye tarehe ya zamani. Linaweza kuwa na oda za jana jioni.

Folda iko tupu? Angalia mambo haya. Huenda mpangilio umezimwa: nenda "Settings", "Preferences", kisha "Backup", uone kama kisanduku cha "Enable session snapshot and periodic backup" kina tiki. Huenda ulifunga kichupo kimoja kimoja kwa alama ya X, ikakuuliza uhifadhi, ukajibu hapana kwa haraka. Hapo nakala nayo inafutwa, na hiyo ngumu kuirudisha. Kwa wanaotumia kompyuta ya stesheneri, huenda umeingia kwa akaunti nyingine ya Windows. Kila akaunti ina folda yake, kwa hiyo rudi kwenye ile ya jana.

Wenye flashi nao wana lao. Kikao kinakumbuka faili lilipokaa, mfano E:. Leo flashi ikisomeka F:, programu inalitafuta pasipo na kitu na kichupo hakirudi. Faili lako ni zima, lifungue mwenyewe kutoka kwenye flashi.

Kibaya zaidi ni faili kufunguka likiwa limejaa maneno NUL NUL NUL kwenye vibox vyeusi. Hiyo hutokea umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika kwenye diski. Usibonyeze kuhifadhi. Nenda kwenye folda ile ya nakala ukaangalie. Kwa ajili ya siku zijazo, hapo hapo "Backup" chini kuna "Backup on save". Chagua "Verbose backup", kila ukihifadhi itaweka toleo la awali likiwa na tarehe yake. Kwangu mimi hiki ndicho kisanduku chenye faida kuliko vyote, na karibu hakuna anayekigusa.

Notepad ya kawaida ya Windows 11 nayo tangu 2023 inarudisha vichupo. Ile ya Windows 10 haina huduma hiyo, kwa hiyo usiiandikie oda.

Leo jioni fungua vichupo vyako vyote vya "new", bonyeza Ctrl na S, kila kimoja kipe jina lenye tarehe ya safari, kwa mfano oda-mombo-ijumaa.txt. Kisha jitumie nakala WhatsApp kabla hujafunga mzigo.