Kumwambia Bosi Si Kuripoti

Barua imetoka kwa karani wa stoo katika hospitali moja ya kaunti nchini Kenya. Msambazaji alileta dawa pungufu, kisha akamsogezea bahasha ili atie sahihi kwamba zimefika zote. Karani akaikataa. Kesho yake akamweleza mkubwa wake kila kitu, na jioni akaandika habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Muda si muda akapewa uhamisho kwenda zahanati ya mbali. "Si sheria inanilinda?" anauliza.

Ingemlinda, kama angepeleka habari panapotakiwa. Hapa ndipo wengi hunaswa. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinakataza mashtaka na hatua za nidhamu dhidi ya mtu kwa sababu ya habari alizoipa tume, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), au mpelelezi. Bosi hayumo. Kundi la WhatsApp halimo, mwanahabari hayumo, mbunge hayumo. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya 2016 kinafika mbali zaidi: kumfukuza mfichuzi, kumshusha cheo, kumkaripia au kumhamishia pabaya ni kosa lenye faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ila mfichuzi huyo ni yule aliyeripoti kwa tume au kwa chombo cha kutekeleza sheria.

Wakubwa wanalijua hilo, na barua zao hazitaji ufichuzi hata siku moja. Zinasema "mahitaji ya huduma". Au unatakiwa ujieleze kwa nini ulichelewa kazini miezi mitano iliyopita, kosa ambalo hakuna aliyelikumbuka mpaka ulipofungua mdomo. Upuuzi mtupu, lakini una mhuri, na usipoujibu kwa wakati unageuka ushahidi dhidi yako.

Ndugu karani, ripoti EACC leo. Hongo iliyokataliwa bado ni kosa la aliyeitoa. Ukiogopa kutaja jina, tume ina njia ya mtandaoni ya kuripoti bila kujitambulisha. Andika tarehe, namba za vocha na majina ya waliokuwepo. Faili za serikali usizibebe nyumbani, maana watakugeuzia kesi ya wizi. Kuhusu uhamisho, dai sababu kwa maandishi: Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na cha 236 kinakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa kufanya kazi yake kikatiba. Wakikuchukulia hatua ya nidhamu, usikimbilie kortini. Mtumishi wa kaunti hukata rufaa kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 90. Kesi nyingi hutupwa nje kwa kuruka hatua hiyo.

Na huyo mkubwa wako aliyesikia akanyamaza? Kifungu cha 14 cha Sheria ya Hongo kilimtaka aripoti ndani ya saa 24. Kilikutaka na wewe pia, na hapo ndipo sheria yenyewe inaponiudhi. Inamtisha karani kwa saa 24, kisha inamnyima kinga kwa sababu alimwambia bosi, jambo ambalo mtu yeyote mwenye adabu ya kazi angelifanya kwanza.

David Munyakei naye alikuwa karani, wa Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa nyaraka za kashfa ya ufisadi ya Goldenberg kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, na mashtaka yalipoondolewa kazi haikurudi. Alikufa mwaka 2006 akiwa maskini. Leo hii karani akipeleka nyaraka kama zile kwa mbunge, kifungu cha 65 hakitamkinga. Miswada ya kuwalinda wafichuzi imekuwa ikiandikwa na kuandikwa upya kwa zaidi ya miaka kumi, na wanaoichelewesha si watu wanaoogopa kuhamishwa.

Mbunge wako akija kuomba kura, muulize msimamo wake kuhusu mswada wa kuwalinda wafichuzi. Na wewe uliyeona bahasha ikipita mezani, anza na EACC, upate namba ya ripoti yako, ndipo umwambie bosi.